Shukrani za Mama Yotham

Chuoni, Dodoma
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini hujambo, na ule mguu umeanza kukanyaga vizuri. Mimi ni mzima. Upepo wa huku unatia vumbi kwenye sahani kabla hujakaa, ila masomo yanaendelea.

Mama Yotham alinipigia simu kunishukuru kwamba nilimtetea mwanawe. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza.

Unajua wanafunzi walinichagua niwawakilishe kwenye kamati ya nidhamu. Mwezi huu aliletwa Yotham. Mwenzake wa chumbani, Alfonce, Mhehe, alifiwa na mama yake. Aliporudi kutoka kuzika Iringa alikuta godoro lake limetolewa koridoni, Yotham kalilalia, kajifunika kanga, anaigiza marehemu: Alfonce mwanangu, mbona umenizika na njaa? Watu wakacheka. Alfonce alilia, kisha akashtaki.

Nilimwambia mwenyekiti kwamba Yotham ni jirani yetu. Akasema tukimtoa kila mwenye jirani, kamati itabaki viti vitupu. Yotham alijitetea kwamba Mgogo na Mhehe ni watani, na mtani haulizwi msibani. Wajumbe wengi walielekea kumpa onyo tu. Wote wawili walipotolewa nje, mwenyekiti akanigeukia: wewe Mgogo, hebu tuambie, ndivyo ilivyo?

Nilieleza nilichokiona kwenye msiba wa babu. Watani walichimba kaburi, wakateka maji, wakaosha masufuria, ndipo wakatudhihaki mpaka bibi akacheka. Yotham hakwenda Iringa, hakuchanga, hata pole hakutoa. Aliruka kazi akaanzia kwenye kicheko. Nikasema huo si utani.

Habari ya onyo ikaishia hapo. Amesimamishwa mwaka mzima.

Kilichovuja nje ni kwamba ni mimi niliyeeleza habari za utani, basi. Yotham alinishika mkono akasema, dada, wewe ulijaribu. Marafiki wa Alfonce wananiita Wakili wa Wagogo; nikikaa kantini wanahama na sahani zao. Kiapo cha kamati kinanifunga mdomo kwa pande zote mbili. Siku hizi nakula upesi, nikimaliza naenda maktaba, na kuna siku inaisha sijasema na mtu zaidi ya mlinzi wa getini.

Wewe nakuambia, kiapo au si kiapo, kwa sababu unakwenda bombani na Mama Yotham kila asubuhi. Maneno yaliyomrudisha mwanawe nyumbani ni yangu. Nikiulizwa tena leo, nitasema yaleyale.

Jumamosi nitakuja nimweleze mwenyewe. Najua baada ya hapo hatakupitia tena asubuhi, na utakwenda kuchota maji peke yako. Kwa hilo nisamehe, Mama. Kwa nililosema kikaoni siombi msamaha.

Mfikishie Baba shikamoo yangu, na Joshua mwambie asome.

Ni mimi mwanao,
Hilda