Wimbo Wangu Hauishii Kwenye Do

Ijumaa. Manyunyu tangu asubuhi, ukungu umeshuka milimani mpaka huku kwetu Bigwa. Na mimi nimevimba kwa hasira, sifichi.

Jana kwenye mazoezi ya kwaya niliwafundisha wimbo wangu mpya. Nimeutunga kwa ajili ya kaka yangu Beda, aliyekwenda Turiani kukata miwa, na huu ni mwaka wa sita hatujui alipo. Unamuuliza Mungu: yuko wapi? Sauti zote nne zinaishia kwenye swali hilo, alto wakiwa wameshikilia ti, na ti ukiisikia tu, sikio linaidai do, nota ya nyumbani ambapo wimbo hutulia.

Do sikuiandika. Makusudi.

Walipofika mwisho, besi wakateremka wenyewe mpaka do. Nikasema turudie. Wakateremka tena, wanacheka, hata wao hawajui kwa nini.

Mimi najua. Hakuna aliyewafundisha. Tangu wanabebwa mgongoni kwenda ibadani, kila wimbo umewarudisha nyumbani, sasa masikio yao yanatangulia kufika. Siwalaumu. Hata mimi mkono uliniwasha wakati naandika.

Lakini mwenyekiti wetu, Mzee Mkude, hakucheka.

"Mwalimu, umetuacha njiani," akasema. "Watu watadhani kwaya imepotea. Weka do, la sivyo Jumapili tunaimba mwingine."

Nikamwitikia "sawa, mzee" kama mtoto. Hilo ndilo linaloniuma.

Sawa ya nini? Mama kila akisikia pikipiki imesimama nje, anaacha anachofanya. Miaka sita! Nani amemmalizia yeye swali lake? Halafu mimi niwape waumini mwisho mtamu, waende zao kunywa chai wakidhani jambo limekwisha? Sitaki. Watakaokereka wakereke. Nataka kanisa zima lisubiri pamoja na mama yangu, hata kwa pumzi moja tu.

Naogopa, ndiyo. Wakiuondoa, mama hatausikia, na nilimwahidi. Ila nikiufunga ule wimbo nitakuwa nimemzika Beda, wakati sijui hata kama amekufa.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti ujumbe sasa hivi, kwa heshima zote. Shikamoo mzee. Nota sibadilishi. Siku Beda atakapobisha hodi, hiyo do nitaiandika mwenyewe.