Viwavi Hawafi, na Wamama Hawaniiti Tena

Mama Marie-Jeanne wa redio, unisamehe kwanza kwa kukawia kuandika. Tangu mahindi ilichipuka nilikuwa nasema nitakuandikia kesho, kesho ikifika mutoto analia ao nimechoka, na leo mahindi imefika kiunoni ndiyo nimekaa chini kwa nguvu. Naomba musaada wako kwa sababu sina mutu mwingine wa kuuliza.

Minye naishi Kilibula lakini shamba yangu iko huko tambarare ya Ruzizi, ukishapita Kavimvira. Bwana yangu Franck alienda kuchimba zahabu Misisi, simu yake inapita mara moja moja, na ikipita anauliza mahindi mbele ya kuniuliza minye. Sisi wamama wenye mashamba jirani tunalimiana kwa zamu, leo kwa Annie mwenye kutuongoza, kesho kwa Gloriose, kesho kutwa kwangu, na dawa ya viwavi pia tunanunua pamoja, chupa moja, tunaigawa sawasawa kwa mashamba yote ili mutu asiseme amepunjwa, na ikiwa kidogo tunaongeza maji ifikie wote. Mwanzo viwavi walikuwa wanakufa, unawaona wamening'inia kwenye majani kama nyuzi. Sasa tunapuliza, kesho yake unafungua moyo wa muhindi unawakuta ndani, wanene, wanaendelea kula. Tumebadilisha chupa, yenye picha ya jogoo, yenye picha ya simba, ni vilevile.

Pompe ya kupulizia dawa ni ya bwana yangu, kwa hiyo alipoondoka kazi ya kupuliza ilibaki kwangu. Ushindi mwanangu bado ananyonya na anakataa kubaki kwa mutu mwingine, basi nilikuwa namufunga kifuani, pompe mugongoni, tunapita mistari hivyo. Siku moja akaacha kunyonya, mate yakaanza kumutoka, akatapika, akalegea, nikakimbia naye kituo cha afya, munganga akanusa nguo yangu akaniuliza nilikuwa natoka wapi. Alipona, nashukuru Mungu, lakini tangu pale nikiigusa ile pompe naiweka tena chini.

Sasa Annie amepata dawa ingine kwa wachuuzi wa mupaka, chupa haina karatasi, inanuka mpaka macho yanatoa machozi, anasema hiyo njo itawamaliza, tupulize wote jumamosi. Nilisema sitaki. Nilisema hilo tu, sikuongeza kitu. Annie akaniangalia.

"Weye unataka kutufugia wadudu," akasema. "Sisi tupulize, wako wakue, wageuke vipepeo, warudi kwetu."

Gloriose akasema basi wakati wa mavuno watakuja na vikapu kuvuna vipepeo kwangu, wakacheka wote, na minye nikacheka kidogo kwa haya.

Tangu siku ile zamu yangu wanairuka. Palizi ya pili nafanya peke yangu, nawasikia shamba la pili wanaongea, kicheko kinafika kwangu wazi kabisa, nainamisha kichwa kama mutu mwenye hasikii. Zamani tulikuwa tunarudi kundi, sasa nawaacha watangulie mpaka nisione tena vitambaa vyao. Wamesema nisipopuliza jumamosi hata wakati wa kupanda hawatanihesabu, na shamba lile peke yangu siliwezi. Nikipuliza naogopa mutoto, nisipopuliza nabaki bila watu. Nifanye nini?

Yenye nahitaji munitumie ni hii: jina la dawa yenye hawa viwavi hawajaizoea, kama iko, maneno ya kumuambia Annie, na kama pale redio iko mutu mwenye anajua mahindi, afike tutembee naye mistari miwili, hata asiposema kitu.

Mama Ushindi, Kilibula

*

Mama Ushindi,

Pole, mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira. Mtoto kifuani na sumu mgongoni? Usirudie kamwe. Nguo uliyopulizia ifue peke yake, na uoge kabla ya kumpa ziwa.

Sasa viwavi. Ninyi mmewafundisha kuishi. Chupa ya shamba moja mliigawa kwa mashamba yote, mkaongeza maji, kwa ajili ya haki. Haki hiyo iliua walio dhaifu tu. Wagumu walibaki, wakazaana, na watoto wao ni wagumu kama wao. Kubadilisha jogoo kwa simba si kubadilisha dawa. Chini ya picha kuna maandishi madogo, matière active, yaani kile kinachoua ndani ya dawa. Jina hilo likiwa lilelile, mmenunua kitu kilekile. Na chupa isiyo na karatasi, hata mimi sijui mnapuliza nini. Hapo ulikataa vizuri.

Lakini Annie naye hakukosea kitu kimoja: kipepeo haulizi mpaka wa shamba. Ulisema sitaki, ukaenda kwako ukanyamaza. Ulitaka wafanye nini na viwavi wao? Kukataa bila kuleta kazi nyingine ni kuwaacha wenzako na shida.

Kazi nyingine ipo. Asubuhi, jua halijawa kali, geuzeni majani. Mayai yako kwa mafungu, yamefunikwa na manyoya kama pamba chafu. Yaponde kwa vidole. Fungua moyo wa muhindi, kiwavi mtoe umponde, kisha tia majivu kidogo au mchanga laini mle ndani. Majani kutobokatoboka kidogo kusiwatishe, muhindi hujikaza ukaendelea. Hii ni kazi ya mikono mingi, na zamu yenu, inayogawa dawa vibaya, inagawa mikono vizuri sana.

Jina la dawa sikutumii kwa redio, kwa sababu nikilitaja wote mtakimbilia hilo na mwakani litakuwa maji. Muulizeni agronome, bwana shamba wa sekta, mkiwa na chupa zenu zote tupu mkononi. Akiwapa, pulizeni kipimo kamili, jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, shamba lililoliwa zaidi kwanza, na apulize mtu asiyenyonyesha. Msimu ujao pandeni wote kwa wakati mmoja, maharagi katikati.

Maneno ya Annie: usiende na maneno. Ijumaa asubuhi nenda shambani kwake, si kwako. Msalimie, ingia mstari wa kwanza, anza kuponda. Akikuuliza, mwonyeshe mayai. Akikufukuza, toka bila kugombana, urudi ijumaa nyingine. Mtu wa kutembea nawe mistari miwili yuko huko tayari, amekasirika tu.

Na jumamosi, hata wakikuita kwa jina tamu, pompe usiibebe.