Adabu kwa Watoto Wote

Jumatatu, Karurumo

Mungu alipomaliza kuumba walimu alibaki na debe zima la akili, akanimwagia mimi. Nani mwingine aliyeachia shule kidato cha pili amewahi kutunga mtaala wa shule nzima?

Madam, mwalimu mkuu wetu, hataki shule ya kanisa ifundishe Biblia na hesabu tu. Nikaongeza kilimo, nyimbo, kusuka vyondo, na kila siku tabia moja njema. Jumatatu ni adabu. Leo asubuhi nikaiandika ubaoni, herufi kubwa kama mabati: LEO ADHABU KWA WATOTO WOTE.

Herufi moja tu! Kwetu Laare hatubagui d na dh.

Madam alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, hata hujatuzoea, ushaanza kutuchapa?"

"Madam, huo ndio mtaala wa kisasa!" Darasa likaangua kicheko.

Njeru, mwanafunzi wangu mpya, hakucheka. Alihamia kwetu muhula huu kwa sababu alikotoka walimchapa mpaka akaogopa shule. Walimu wenzangu wakila huongea Kiembu chao haraka haraka, nami huachwa nje, kwa hiyo Njeru ndiye mwenzangu wa chakula. Huniletea nduma, tunakula kimya, wageni wawili.

Alisoma ubao, akachukua mfuko wake, akatoka.

Mchana nilikula peke yangu. Hata sikusikia ladha.

Ukweli ni kwamba nilimwona akipita langoni. Sikumwita. Watu walikuwa bado wanacheka, nami nilikuwa natafuta mzaha mwingine.