Paa la Dishi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu aliyefunga intaneti ya setilaiti kwa mikono yake mwenyewe, juu ya paa la zahanati, bila kusoma hata ukurasa mmoja wa maelekezo. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Na hilo tumbo lako, ambalo nasikia siku hizi linaingia mlangoni kabla yako, linaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Goti langu tu ndilo linalonigomea nikipanda ngazi.

Haya, tuseme ukweli kuhusu ngazi. Nilichofanya siku ile ni kuishika isiteleze. Aliyepanda ni fundi. Lakini katika barua yangu iliyopita nilikuandikia kwamba mimi mlinzi ndiye sasa bwana mitambo, na kwamba kwa dishi hili zahanati yetu imekuwa sawa na hospitali kubwa, daktari yumo kwenye kioo saa yoyote umtakayo. Kwa maneno hayo ukamwacha binti yako aje kujifungulia kwangu. Ndiyo maana nakuandikia tena.

Maneno ya fundi hayakuwa hayo. Alinikalisha kwenye benchi la wagonjwa akanieleza taratibu, kwa kuwa mlinzi ndiye anayeshinda na mtambo. Alisema kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya saa nzuri, jioni watumiaji wakiwa wengi inapungua. Dishi linataka kuona anga tupu, pasiwe na tawi wala ukuta mbele yake. Mvua kubwa ikishuka mawasiliano yatalegea au yatakatika, halafu yatarudi yenyewe. Kwa hiyo tusimtegemee daktari wa kwenye kioo peke yake, tuwe na njia nyingine. Nikatikisa kichwa kama msomi, nikatia sahihi. Nesi aliporudi kutoka kwenye chanjo akauliza fundi kasemaje, nikamwambia kasema tusiweke chupa ya chai juu ya mtambo.

Jumatatu binti yetu alipigwa picha ya tumbo kwa ile mashine ndogo. Nesi anajua kupiga, kusoma ni kazi ya daktari aliye mjini. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio, nikifagia mahali pamoja. Daktari alikuwa anacheka vizuri tu, akimtania binti kwamba mtoto ana pua ya babu yake. Nikaifikiria pua yako, nikamwonea mtoto huruma. Kisha daktari akaacha kucheka. Akavaa miwani, akasogea, akamwomba nesi arudie picha ya mwisho. Akasema tusubiri, anamwita mwenzake. Wakawa wawili, wameinamia kioo. Hapo mvua ikapiga bati. Nyuso zao zikaganda, yule wa pili mdomo wazi, kama mtu aliyeshikwa katikati ya neno. Kioo kikawa cheusi.

Tangu Jumanne jua linawaka, lakini taa ya mtambo ni nyekundu mpaka leo Alhamisi. Nesi anasema mambo yakitulia huko angani mawasiliano yatarudi. Binti yetu kila asubuhi anaoga, anachana nywele, anakaa mbele ya kioo cheusi ile saa ya daktari, mikono juu ya tumbo. Jana aliniambia, baba mkubwa, mbona huyu mtoto tangu juzi amekuwa mpole hivi. Nikamjibu amerithi upole wangu. Akacheka. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, mpaka uso ukarudi mahali pake.

Sasa kaa chini. Mvua ile ilipiga nusu saa tu. Ilipokatika, nesi akiwa bado anampoza binti, mimi nilipiga hesabu kwa akili yangu ya darasa la nne: kama dishi linasumbuliwa na mvua, lijengewe paa. Nikachukua bati lililobaki kwenye banda la jenereta, nikapanda na goti langu, nikalijengea kibanda safi chenye mteremko, hata kuku wangelipa kodi. Nikashuka kuchungulia taa, nikaikuta nyekundu, nikakumbuka lile la anga tupu. Nilikuwa nimelifumba macho. Nikapanda tena kulibandua. Bati likaniponyoka, likaliangukia dishi kwa ncha, likalipasua na kukata waya. Nimeunga vipande kwa gundi ya viatu. Ukitazama kutoka chini huoni kitu. Wanasubiri anga itulie, mdogo wangu, na anga imetulia siku tatu. Ni mimi.

Nikimaliza ukurasa huu nakwenda kumwambia nesi, anitukane atakavyo. Lakini matusi yake hayana magurudumu. Simu huku hazishiki, gari hakuna, na pikipiki kwenye barabara hii nesi amekataa katakata binti asipandishwe. Barua hii anakuletea mwenye duka kwa pikipiki yake, anayefuata mzigo wake huko kwenu, na nimemwambia asisimame popote. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa daraja la chini. Likifunikwa na maji, huwa ni wiki nzima.

Wasalimu wote wa nyumbani. Shemeji mwambie mkiwa njiani, si kabla.

Baba alipoikuta baiskeli yake imepinda, nilisema ni mimi, nikachapwa, nawe ukiwa umejibanza chini ya kitanda. Sijakudai fadhila hiyo miaka yote. Leo naidai, nayo ni ndogo: jaza tanki, njoo na gari, umpeleke binti kwa wale madaktari wawili wamalizie walichotaka kusema. Kunifokea utanifokea siku nyingine. Ukifika hapa, usizime injini.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Tochi