Ukili wa Karatasi

North York, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka Hamisi aliniambia sasa unafika msikitini bila mkongojo, nikashukuru sana. Sisi huku wazima. Baridi imeanza kubisha hodi, na miti ya mtaani imegeuka manjano na nyekundu, inapukutisha majani.

Mama, uliponiuliza kwenye simu kama Mwanaidi ameshazoea, nilikujibu "kidogo kidogo." Nilikuficha. Miezi minne tangu umwachie aje kwangu, baada ya kumlea toka mdogo, binti yangu mkubwa alikuwa kama mgeni humu ndani. Rukia wa miaka tisa amezaliwa huku. Kiswahili anakielewa, ila hujibu Kiingereza. Mwanaidi naye Kiingereza chake cha kuokoteza, anaona haya. Basi hawasemezani. Siku moja Rukia akaniuliza, "Mama, yule msichana atakaa mpaka lini?" Nilikwenda kulia bafuni.

Ndipo maktaba ya mtaani ikatangaza maonyesho ya msimu huu wa majani: ndugu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, watengeneze kazi moja pamoja. Nikawaambia, "Mtashiriki wote watatu." Wakaokota majani mfuko mzima, nami nikayapiga pasi katikati ya karatasi yasijikunje. Rukia akachora mti mkubwa, akaupaka rangi siku tatu. Salim wa miaka minne akapewa gundi. Majani mengi aliyabandika magotini kwake. Mwanaidi alikaa pembeni akichambua vikonyo.

Siku moja kabla ya maonyesho, narudi nyumbani kutoka kule ninakopika, nyumba ya wazee, nasikia Rukia anapiga mayowe. Salim alikuwa ameukata ule mti vipande virefu, toka juu hadi chini.

"Nimekata vizuri," akaniambia, mkasi ungali mkononi.

Rukia akajitupa chini. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Mwanaidi akasogea. Aliinama, akakusanya vile vipande, akavipanga kama miyaa ya mkeka, akaanza kusuka. Mama, niliviona vidole vyako! Ukili ule ule, utepe wa mkeka uliomfundisha kusuka barazani, ila huu wa karatasi, rangi zinatokeza na kujificha.

Rukia akafuta machozi. Akasogea, akasogea tena.

"Unafanyaje?" akauliza. Kwa Kiswahili!

"Kaa hapa nikuoneshe. Salim, nipe hicho kirefu."

Hadi chakula kikapoa hawajainuka. Mwanaidi alisuka, Rukia akaziunga kili kwa sindano na uzi zikawa mkeka, Salim akabandika majani pembezoni. Mengine aliyageuza juu chini, na Rukia, anayependa kila kitu kinyooke, hakumsahihisha hata moja.

Kesho yake mama wa maktaba akautundika mkabala na mlango. Watu wakajaa. Bibi mmoja akamwuliza Rukia ni mwalimu gani aliyewafundisha. Rukia akajibu kwa Kiingereza, sauti juu, kwamba si mwalimu, ni dada yake. Kisha akageuka: "Dada, njoo! Wanataka kuona unavyosuka."

Dada, Mama! Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mwanaidi akainuka. Mbele ya watu wote wale akachukua karatasi, akasuka na kueleza kwa Kiingereza chake hicho hicho, kichwa juu. Neno likimkwama, Rukia anamnong'oneza. Watoto wakapanga foleni. Tulipoaga, mama wa maktaba akamwomba aje kila Jumamosi afundishe, naye akakubali kabla sijafungua mdomo.

Ahsante, Mama. Ulinipa mtu aliyekamilika.

Nisalimie kaka Hamisi anayekusomea haya, wifi yangu Asha, na shangazi Tatu aliyempokea Mwanaidi alipozaliwa. Mkweo Mussa yuko safarini na lori. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashindwa kuongea.

Nakuandikia sasa huku wanagombania mkasi kwa lugha mbili, nyumba nzima kelele, nami siwanyamazishi.

Mwanao akupendaye,
Zainabu