Isale Kwenye Mlango Namba 12

Jumatatu, 14 Julai

Nimezunguka ghala zima kabla ya saa mbili, kama kawaida. Korido safi. Mitungi ya kuzimia moto yote mishale iko kwenye kijani. Chumba namba 5, watu wa utalii wamerudisha mahema kutoka mlimani, na ndani ya begi moja nimekuta mtungi wa gesi umefungiwa na masufuria. Nimeutoa mwenyewe. Wapagazi wamecheka, nikacheka nao, lakini mtungi haukurudi ndani.

Bado siamini. Juzi tu nilikuwa mapokezi, naandika majina ya wapangaji wa vyumba. Leo nina reflekta, filimbi na semina ya siku tatu kichwani. Msimamizi wa usalama! Mimi, Manka wa Rau! Vyumba ishirini na vinne vya watu kuhifadhia vitu vyao, aliyehamia Dar, anayejenga, mwenye duka lisilo na stoo, vyote viko chini ya macho yangu. Ijumaa anakuja mkaguzi. Mama Ngowi, mwenye ghala, ameniambia wazi: akitupitisha, cheo ni changu moja kwa moja. Mtu akiumia humu, hakuna cheo na hakuna ghala.

Kinachoniudhi ni kimoja. Meku Lazaro, meku kwetu ni babu. Mlinzi wetu, mzee kuliko bati za ghala lenyewe. Kila siku saa saba mchana anatandika mkeka kwenye chumba namba 11, ambacho hakina mpangaji, anafunga mlango kwa ajili ya baridi hii ya Julai, analala. Nimeweka mkanda wa manjano mlangoni. Ameuvuka bila hata kuutazama. Nimemfuata kwa adabu zote, shikamoo Meku, hapa si pa kulala. "Marahaba mjukuu wangu. Mimi nimelinda kahawa humu wewe hujazaliwa." Shikamoo anaipokea. Amri haipokei.

Jumanne, 15 Julai

Mikono inauma. Nimeshinda juu ya ngazi.

Popo. Wamejaa juu ya dari, wanaingilia kwenye yale matundu ya juu ukutani, na mavi yao yanamwagikia magodoro na makochi ya watu. Semina walisema vumbi lake linaharibu mapafu. Basi nimeyaziba. Nailoni, viroba, gundi ya karatasi juu yake. Matundu thelathini na moja, kuanzia namba 8 mpaka 14. Hakuna aliyenituma. Nimeona, nimeamua, nimefanya. Nilipomaliza nilisimama chini nikatazama ule ukuta nikajisikia raha hasa.

Meku alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akasema hayo matundu yaliachwa makusudi, kahawa inataka kupumua. Nikamjibu hakuna kahawa tena hapa, Meku. Akaenda zake getini.

Jumatano, 16 Julai

Hakuna popo hata mmoja! Sakafu inang'aa. Nimemwita Mama Ngowi aone. Amenipiga bega, hakuuliza nimewaondoaje.

Alhamisi, 17 Julai

Mama Sia ameleta mahindi ya shamba lake la tambarare. Magunia kumi na mbili, chumba namba 12. Nimemsomea fomu yangu, niliyoitunga mwenyewe, najivunia. Una petroli? Hana. Gesi? Hana. Betri, rangi, viberiti? Hana, hana, hana. Akaweka sahihi, nikaweka yangu. Alibaki ndani kidogo kupanga magunia vizuri, akafunga kufuli, akaondoka.

Kesho! Reflekta nimeifua, nimeipiga pasi, imening'inia mlangoni hapa nyumbani. Nimefanya mazoezi ya filimbi uani mpaka jirani ameuliza kama kuna mechi. Nina hamu ya kesho kama mtoto anavyongoja Krismasi.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kwenye benchi la hospitali. Jua bado lipo.

Mkaguzi alifika saa nne. Mtu mpole, anaandika tu. Alisifu korido. Alisifu mitungi. Aliona ukuta hauna popo akasema vizuri. Nilikuwa napaa. Saa saba na nusu akasema sasa nione zoezi, piga filimbi. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Makuli, wateja, Mama Ngowi mwenyewe, wote getini upesi kuliko nilivyoota! Nikahesabu. Amepungua mmoja.

Meku.

Nilipandwa na hasira. Niseme ukweli wa nafsi yangu: nilifikiri ananifanyia makusudi mbele ya mkaguzi. Nikarudi ndani mbio kumtoa. Kwenye korido, kabla sijafika namba 11, harufu. Kama kitunguu saumu, kama samaki aliyeoza. Nikajua. Semina walitusimulia harufu hiyo, vidonge vya kuhifadhia mahindi vinavyotoa gesi ya kuua panya na wadudu, na mtu pia. Na kuta za vyumba vyetu ni mbao tu, juu kuna wavu. Cha namba 12 kinaingia namba 11.

Walitufundisha usiingie. Ukiingia mnakuwa wawili. Miguu ilitaka kuingia. Nilirudi nje nikapiga kelele, fungueni milango yote miwili mikubwa, na makuli wakafungua. Mkaguzi alishika mti mrefu akaanza kung'oa nailoni zangu ukutani moja baada ya nyingine. Upepo ukapita. Nilivuta pumzi ya nje, nikaibana, nikakimbia, nikasukuma mlango. Alikuwa amelala karibu kabisa na kizingiti. Kuli mmoja na mimi tukashika ncha za mkeka tukauvuta na yeye juu yake mpaka nje kwenye jua. Alitapika. Akahema. Anahema! Nililia na kucheka kwa pamoja, watu wakanishangaa.

Wote wananiita shujaa. Mama Ngowi amenikumbatia mbele ya daktari.

Mkaguzi aliuliza jambo moja kabla hajaondoka. Matundu yale yalizibwa lini, na nani? Mama Ngowi akasema hajui, labda ya zamani. Nilikuwepo. Nilinyamaza.

Jumamosi, 19 Julai

Meku amelala vizuri. Daktari anasema moyo unakwenda sawa ila anabaki wodini kwanza. Namshukuru Mungu.

Mama Sia amekuja akilia. Vidonge alivifunga kwenye vipande vya kanga, akavichomeka katikati ya magunia, anavyofanya kwake miaka yote. Kwake stoo iko peke yake nje kwenye migomba na upepo unapita. Wote wamemshambulia. Mimi nilisimama pale na reflekta yangu sikusema kitu. Najichukia.

Namba 12 isiguswe mpaka mtaalamu aje kuvitoa vidonge. Nimezungusha mkanda wa manjano mara tatu. Kufikia saa nne makuli wawili walikuwa wameshauvuka kupitisha kabati. Nikawaka. Nikaenda hadi nyumbani Rau, nikakata isale, jani letu Wachagga la kuwekea mpaka, kwenye shamba la mama, nikarudi nikafunga majani kwenye kitasa cha namba 12 na kukatiza korido. Hakuna aliyevuka tena. Mmoja alifika akiwa na gunia begani, akayaona, akageuka kimyakimya kuzunguka nyuma. Semina hawakutufundisha hilo.

Nilipokuwa nafunga yale majani nilikumbuka kazi yake nyingine. Ukimkosea mtu unampelekea isale. Akilipokea, amekusamehe, na kosa halitajwi tena.

Jumatatu, 21 Julai

Nimesema. Asubuhi, kabla ya kuzunguka ghala, nimeingia ofisini kwa Mama Ngowi nikamwambia matundu niliziba mimi, siku mbili kabla ya mahindi kuja. Kisha nikampigia mkaguzi mbele yake. Mkaguzi akasema asante, cheti kitangoje, atarudi kukagua upya. Mama Ngowi hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alinyoosha mkono, nikavua reflekta nikampa. Filimbi pia.

Niko mapokezi tena. Inauma. Lakini nimekula mchana, mara ya kwanza tangu Ijumaa chakula kimepita.

Alasiri nimepanda ngazi kwa ruhusa, nikatoa viroba vyote vilivyobaki. Jioni popo wawili wameshajirudia.

Alhamisi, 24 Julai

Mtaalamu amevitoa vidonge. Mama Sia amebeba mahindi yake. Nimemwomba radhi, amesema tulikosea wote. Fomu ina swali jipya sasa, la dawa ya mahindi, nimelipeleka kwa Mama Ngowi bila kuombwa.

Meku ameruhusiwa, yuko kwake Uru. Hajui. Kila mtu amemwambia Manka amekuokoa.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya misa nimepanda Uru. Mlima umejifunika, kumenyesha manyunyu kidogo. Meku alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa koti, anatazama migomba yake. Amekonda. Nilimwamkia, nikapiga goti, nikampa isale kwa mikono miwili kabla sijasema neno. Aliliangalia lile jani, hakunyoosha mkono. Nikamwambia yote. Popo, nailoni, yale aliyoniambia ya kahawa kupumua, na nilivyonyamaza mkaguzi alipouliza.

Kuku walipita katikati yetu.

"Umeyafungua?"

"Nimeyafungua, Meku."

"Yote?"

"Thelathini na moja."

Akalichukua. Akalichomeka kwenye ukuta wa mbao juu ya kichwa chake, kisha akaniuliza sababu ya kukaa chini kwenye unyevu. Mjukuu wake akaleta mtori wa ndizi, tukala bila maneno mengi.

Wakati naaga akasema Jumatatu ijayo, siyo kesho, atarudi getini. Na mchana bado atalala, asinidanganye mtu. Ila atalalia mapokezi, nyuma ya meza yangu, nimtafutie pa kutandika mkeka.

Kesho nasogeza kabati la mapokezi.