Magome ya baba mkwe

Kiseke, Jumanne jioni

Nilijua magome yamezidi tangu siku ile tunashindilia majani ya ng'ombe kwenye mapipa, akiba ya kiangazi.

Bwana mifugo alisema unga wa magome ya miti ya miwati ni kiganja kimoja tu kwa pipa, ili protini ya majani isipotee. Baba mkwe, aliyesindika ngozi kwa magome hayo hayo Mirongo maisha yake yote, akamwaga bakuli zima. "Mkwe wangu, kiganja hakitoshi hata ngozi ya mbuzi."

Nikaendelea kushindilia.

Leo nimefungua pipa la kwanza. Harufu nzuri, hakuna ukungu. Ng'ombe akalamba mara moja, ukakasi wa magome ukamkataza, akageuza kichwa. Ananyonyesha, na nyasi zote zimekauka.

Mzee akauliza kama amekula. Nikasema amekula, baba.

Sasa namsikia uani, anatwanga magome mengine ya mapipa ya msimu ujao.